Bastola mbili za fundi, cheti kimoja: namna ya kuchagua ukiwa Malindi

Rafiki yangu mwenye nyumba za wageni upande wa Casuarina alinijia Ijumaa moja baada ya swala, simu mkononi. Picha mbili: bastola mbili za aina ya 1911, moja rangi ya fedha, nyingine nyeusi tii. Zote za 9mm, zote za mkono wa pili, kila moja ya karakana yake, na zote ziko kwa muuzaji mwenye leseni Nairobi. Bei karibu sawa. "Ndugu yangu, ipi?"

Nikamwambia picha haionyeshi kutu. Ikabidi tufunge safari, na haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio ambao ningeufuata tena.

Kwanza tuelewane hizi ni bastola za namna gani. Kuna kanzu ya dukani, iliyokatwa kwa mashine kwa mtu yeyote. Kuna kanzu ya kupimwa, shingo yako na mkono wako. Katikati kuna ile ambayo kitambaa na mikato vimo kwenye orodha ya fundi, wewe unachagua, naye anaimalizia kwa mkono. Bastola hizi ni kanzu ya katikati. Umbo lake lilichorwa na John Browning, jeshi la Marekani likalipitisha mwaka 1911, na kwa kuwa hataza zake ziliisha zamani, karakana yoyote inaweza kulitengeneza. Tofauti iko kwenye tupa na msasa: nani alisugua nini, na kwa muda gani.

Karakana mbili zinazotajwa sana katika daraja hili, Wilson Combat na Nighthawk Custom, ziko mji mmoja mdogo, Berryville, jimbo la Arkansas. Bill Wilson alianza mwaka 1977 nyuma ya duka la vito la familia yake. Mwaka 2004 waliokuwa wafanyakazi wake wakajitenga na kuanzisha Nighthawk papo hapo. Ni kama kwa mafundi majahazi wetu: mwanafunzi akishajua kazi, anafungua uwanja wake hatua mia kutoka kwa mwalimu. Nighthawk wanajivunia kwamba bastola moja hutengenezwa na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wilson, pamoja na bastola, ni muuzaji mkubwa wa vipuri, na magazini zake (vile visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mshikio) hubebwa hata na watu wenye bastola za kampuni nyingine. Huko mbele utaona kwa nini hilo la pili ni zito kwetu kuliko linavyoonekana.

Bastola alizozitaka rafiki yangu sitasema ni za nani. Silaha mbili zilizopita mikononi mwa watu wengine haziwezi kuhukumu karakana. Nitaziita Fedha na Nyeusi.

Hatua ya kwanza: karatasi

Kama huna cheti cha kumiliki silaha, mwongozo huu si wako bado. Kama unacho, kisome tena kabla ya kumpigia muuzaji. Cheti kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo kwa wakati mmoja. Hakikupi ruhusa ya kununua bastola yoyote utakayoipenda. Unaomba kwa Bodi ya Leseni za Silaha kwanza, unanunua baadaye. Watu huanza na amana kwa muuzaji, kisha wanakaa miezi wakiitazama bastola yao kwenye kioo cha mtu mwingine.

Kama badala ya mkono wa pili unataka kuagiza mpya, ongeza kibali cha kuingiza nchini, na upande wa Marekani leseni ya kuitoa, ambayo kwa bastola za namna hii inatoka Wizara ya Biashara ya huko tangu Machi 2020. Kumbuka jambo hili: njia hiyo hiyo, kinyumenyume, ndiyo utakayopita ukitaka kuirudisha karakana ikatengenezwe. Dhamana ya maisha iliyoandikwa kwenye kijitabu ni ya mtu anayeweza kuipeleka posta Jumatatu. Sisi hatuwezi.

Hatua ya pili: ya kazi gani?

Swali hili watu hulipita mbio. Rafiki yangu alitaka kushindana, na mashindano mengi anayoyafikia hufuata kanuni za IDPA, chama cha mashindano ya bastola za kujihami. Chama hicho kiliundwa Marekani mwaka 1996, na mmoja wa waasisi wake ni Bill Wilson yule yule. Kwa 1911 ya 9mm utaingia daraja liitwalo ESP (Enhanced Service Pistol), magazini haizidi risasi 10, na bastola ikiwa na magazini lazima ienee kwenye sanduku la inchi 8¾ kwa 6 kwa 1⅝. Mtutu wa inchi 5 unaenea vizuri. Wa inchi 4.25 unaenea zaidi na ni mwepesi kuubeba, ila mwendo mfupi wa slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi, unaifanya springi ichoke mapema.

Kuhusu .45, ambayo ndiyo risasi ya asili ya 1911: ni nzuri, lakini 9mm ndiyo ya kawaida nchini, na bastola nyingi za polisi wetu zinaitumia. Usinunue njaa, yaani bastola utakayotaabika kuilisha.

Hatua ya tatu: mezani kwa muuzaji

Hapa ndipo pa kukaa. Tulikaa karibu saa mbili, na muuzaji akatuletea chai mara ya pili kwa sura ya mtu anayetamani twende.

Kabla ya lolote: toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa jicho, kisha ingiza kidole kidogo uihisi ni tupu. Umpe mwenzako naye afanye hivyo hivyo, hata kama amekuona. Mdomo wa mtutu uelekee upande ulio salama muda wote. Na omba ruhusa kabla ya kufyatua ikiwa tupu. Kuachia slaidi ijipige kwenye chemba tupu usifanye kabisa kwenye bastola ya daraja hili. Muuzaji anayejua kazi atakunyang'anya, na atakuwa na haki.

Anza na mtutu. Slaidi ikiwa imefunga mbele, bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu ya mtutu inayoonekana juu kwenye tundu la kutokea maganda. Isishuke hata kidogo. Ikibonyea na kurudi kama godoro, mtutu haukai mahali pamoja kila risasi, na shabaha yako itatawanyika. Kisha shika slaidi na fremu (kiunzi cha chini chenye mshikio), zitikise kulia na kushoto. Hapa watu wanadanganyika. Wanataka zisichezechezee kabisa, wanasema hiyo ndiyo kazi ya fundi. Lakini vilengeo vyote viwili viko juu ya slaidi. Kinachohitaji kushikana barabara ni mtutu na slaidi. Fremu ikicheza unywele, karatasi ya shabaha haitajua.

Fedha ilikuwa imebana hivi kwamba kuivuta mara ya kwanza ilihitaji kiganja kizima, kama kufungua kifuniko cha chupa ya asali. Rafiki yangu macho yakamng'aa. Nyeusi ilivutika laini, na ikitikiswa karibu na sikio ilitoa mlio mdogo sana.

Halafu sefti, yaani kinga za kuzuia bastola isifyatuke. Rudisha nyundo nyuma, pandisha sefti ya kidole gumba, bonyeza kifyatulio kwa nguvu, achia. Shusha sefti. Nyundo isidondoke. Mpaka hapo wengi wanaridhika. Sasa weka bastola karibu na sikio na uivute nyundo nyuma taratibu sana, kiasi cha upana wa ukucha. Tega sikio. Kukiwa kimya, vizuri. Ukisikia "tik" ndogo, maana yake kile kijino kinachoishikilia nyundo kilisogea ulipobonyeza, na sasa kimerudi mahali pake. Leo kimesogea kidogo. Kikizidi kulika, kitaachia. Sefti hiyo haikukaa sawasawa, na kuibadilisha ni kazi ya tupa, si ya kununua tu na kupachika.

Fedha ilisema tik.

Tukairudia mara tatu. Muuzaji naye akaiweka sikioni, akaisikia, akanyamaza. Bastola ilitoka kwenye karakana yenye jina, lakini mmiliki wa kwanza alikuwa amewahi kumpa mtu aifungue. Skrubu zilikuwa na makovu ya bisibisi isiyo saizi. Makovu hayo yatafute kila mara. Yanasimulia mengi kuliko muuzaji.

Sefti ya kiganja ni rahisi: nyundo ikiwa nyuma, shika bastola bila kubonyeza kile kipande cha nyuma cha mshikio, kisha vuta kifyatulio. Kisiende popote. Jua pia kwamba 1911 nyingi za daraja hili hazina ile kinga ya ndani inayoizuia pini isigonge fataki mpaka kifyatulio kivutwe, ambayo Colt waliingiza katika bastola zao mwaka 1983. Mafundi hawaipendi kwa kuwa inaharibu ulaini wa kifyatulio. Kwa hiyo sefti ulizo nazo ndizo hizo. Zisiwe na mchezo.

Uzito wa kifyatulio: kati ya kilo 1.6 na 2 ndiyo ya kawaida. Kikiwa chepesi zaidi ya hapo, uliza nani alikigusa.

Mwisho wa meza, ndoano inayovuta ganda kutoka kwenye chemba. Kwenye 1911 ya asili ndoano hii ni kipande kirefu cha chuma ambacho chenyewe ndicho springi. Mkunjo wake mdogo ndio unaoipa nguvu, na fundi huupata kwa kukunja na kujaribu. Fungua bastola, chukua slaidi bila mtutu, ingiza risasi bandia chini ya ndoano. Itikise polepole: ikae. Itikise kwa nguvu: inaweza kudondoka, hapana neno. Ikidondoka papo hapo, ndoano imelegea. Ikibidi uisukume kwa kidole gumba mpaka uumie, imebana kupita kiasi, na utakwama ukiwa uwanjani.

Hatua ya nne: chumvi

Sasa tumetoka Nairobi, turudi kwetu. Wanaoandika juu ya bastola hizi wengi wanaishi mahali pakavu. Hapa Malindi, msimu wa kusi, pasi ukiiacha karibu na dirisha linaloelekea baharini, inashika kutu kabla ya sabuni kwisha. Bastola yangu ya kwanza ya daraja hili, ambayo jina la karakana yake nitakwenda nalo, niliilaza usiku mmoja ndani ya ala ya ngozi baada ya siku ya jasho. Asubuhi kulikuwa na doa la rangi ya chungwa lenye umbo la mshono wa ala. Ngozi hunywa unyevu, na dawa za kuitengenezea hubaki ndani yake. Ala ni ya kuvaa. Ya kulalia ni sanduku la chuma lenye kufuli, ndani vipakiti vya kufyonza unyevu, na hakuna ngozi.

Kwa hiyo uliza chuma ni gani na kimefunikwa na nini. Ile rangi ya buluu ya zamani ni kutu tu iliyofugwa ikawa nzuri. Ni tabaka jembamba na kwa pwani halitoshi. Stenlesi inavumilia, lakini haina kinga kamili: inashika madoa madogo madogo kama vishimo, hasa kwenye vijistari vya kushikia slaidi ambako jasho linakaa. Yanayostahimili hapa ni nitraidi, ambayo inaingia kwenye ngozi ya chuma chenyewe, na utando mgumu wa kaboni unaoitwa DLC. Wilson wana rangi yao ya kupikwa kwenye tanuri, Armor-Tuff, nayo inakinga vizuri mpaka ichubuke.

Lakini usihukumu kwa ganda la nje. Omba bisibisi inayofaa, fungua skrubu nne za vibao vya mshikio, utazame chini yake. Ndiko jasho la mwaka mzima linakojificha. Springi zilizomo ndani hazikupakwa chochote. Chini ya vibao vya Fedha, pamoja na mng'aro wake wote, kulikuwa na vumbi la hudhurungi. Nyeusi ilikuwa na mafuta ya zamani yaliyoganda kama lami, machafu, lakini chuma chini yake kilikuwa kizima.

Vibao vyenyewe: mti hunywa unyevu na kupinda, isipokuwa mti mzito kama mpingo. Mchongaji mmoja hapa mjini alinichongea vya mpingo kwa kufuatisha vile vya zamani nilivyompelekea, na mpaka leo havijasogea. Akaniuliza ni vya kisu gani. Nikamwambia kikubwa.

Hatua ya tano: nani ataitengeneza?

Hili ndilo lililoamua, na ndilo ningetaka ulipe uzito kuliko jina na kuliko mng'aro.

Bastola iliyosuguliwa kwa mkono ina maana kila kipande kimezoeana na jirani yake. Uzuri wake huo, na mtihani wake ni huo huo. Bushi ya mtutu (pete inayoushika mtutu kwa mbele) ikiisha, huwezi kuchukua nyingine sandukuni ukaipachika; mpya huja kubwa makusudi, ipunguzwe mpaka ikae. Sefti hivyo hivyo. Kadiri bastola ilivyobana ndivyo inavyomhitaji fundi aliyeibana, naye yuko ng'ambo ya bahari.

Mzee mmoja wa Mombasa aliyestaafu kazi ya kutengeneza silaha, ambaye ndiye aliyenifundisha lile jambo la sikio, alinishikia kidole siku moja: "Mwanangu, usiniulize ni nzuri au mbaya. Niulize kama naweza kuifungua saa nne na ukaichukua saa kumi." Basi piga simu kabla ya kulipa. Mwulize fundi mwenye leseni unayemwamini maswali matatu: umewahi kuifungua ya namna hii? Ndoano na springi zake ni za kipimo cha kawaida cha 1911? Magazini zake zinapatikana?

Magazini zinastahili neno la ziada. Bastola hii ilichorewa risasi ya .45, yenye urefu wa kama milimita 32. Risasi ya 9mm ina karibu 30. Ule mwanya unazibwa ndani ya magazini, na risasi inapanda kwa pembe tofauti. Kwa hiyo 1911 ya 9mm ikikwama, mshukiwa wa kwanza ni magazini, si bastola. Zitie namba kwa rangi, moja, mbili, tatu, ujue ni ipi inayokukwamisha. Usinunue bastola ambayo magazini zake huwezi kuzipata, hata ikiwa nzuri namna gani.

Nyeusi ilikuja na magazini tano na bahasha ya springi za akiba. Fedha ilikuja na mbili, na moja mdomo wake ulikuwa umepinda.

Hatua ya sita: piga

Kama muuzaji anakubali, ipigwe uwanjani, yeye akiwepo. Risasi 100 zinatosha kukwambia mambo makubwa, za aina mbili tofauti ukiweza. Usiitie mafuta mengi mwanzoni. Unataka kuona inavyofanya ikiwa kama alivyoiacha mwenyewe. Tazama maganda yanavyoruka: yakiangukia sehemu moja, ndoano iko sawa. Moja likiruka kulia, moja likupige paji la uso, rudi hatua ya tatu. Karakana nyingine husema wazi kwamba bastola zao mpya zinabana, na zinataka risasi mia kadhaa kabla ya kulegea. Kwa mtu ambaye kila risasi imeandikwa na inanunuliwa kwa kibali, hiyo nayo ni bei.

Bei yenyewe sina mengi ya kusema. Mpya za Wilson na Nighthawk zinaanzia zaidi ya dola 3,000 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Za mkono wa pili bei ni maneno. Mradi umelipata kosa kwa sikio au kwa bisibisi, una la kusemea.

Siku ya kuchukua

Rafiki yangu alichukua Nyeusi. Alinuna kidogo, maana Fedha ilikuwa nzuri kwa macho, na mwanadamu hanunui bastola ya dola elfu kadhaa ili aambiwe nyingine inang'aa zaidi. Muuzaji akapunguza bei kwa ajili ya mafuta yaliyoganda, ambayo mimi niliyatoa kwa mswaki wa zamani na dakika ishirini.

Kabla ya kutoka dukani, kaa chini na usome namba ya fremu kwa sauti, herufi moja moja, huku mwenzako akifuata kwenye karatasi. Tulifanya hivyo. Karani alikuwa ameandika herufi O mahali pa sifuri. Akatabasamu, akasema si kitu. Nikamwambia kwa askari wa kizuizi cha barabarani ni kitu. Ikaandikwa upya, ikapigwa mhuri, risasi zikaenda sanduku lake na bastola lake, ndipo tukawasha gari kuelekea Mombasa.